Uzi: Tunayodanganyana kuhusu siga, kuanzia rangi ya jani mpaka "mi simezi moshi"

Mzee wa Jani (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nauachia. Nimevuta siga miaka tisa na ndani ya hiyo miaka nimesikia maneno mengi sana kuhusu hii kitu, mengine nimeyasema mwenyewe kwa kujiamini mbele za watu alafu baadae nakuja kugundua sio kweli. Na saivi kila nikikaa sehemu nakuta kijana kashika siga yake anamfundisha mwenzie yaleyale, nikaona bora niyaweke hapa, wanaojua waongezee na nikikosea mnirekebishe.

Kwa wasiojua: siga sio sigara nene. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikafungwa kwenye karatasi. Siga ni majani mwanzo mwisho. Ndani kuna majani yaliyokunjwa kwa urefu, hayo yanabanwa na jani moja gumu, alafu juu inavishwa jani laini lisilo na kovu wala tundu, ndo hilo unaloliona kwa macho. Karatasi pekee pale ni pete yenye jina la kampuni.

Ngoja nianze na lile la mapaja maana ndo linanikera kuliko yote. Eti siga za Cuba zinaviringishwa kwenye mapaja ya mabinti bikira. Watu wazima wanasema hivi! Kazi ile inafanyika mezani, juu ya ubao, kwa kisu kisicho na mpini chenye umbo la mwezi mchanga kinaitwa chaveta, na mviringishaji ni mtu aliyejifunza kwa muda mrefu, awe mwanaume awe mwanamke, vidole vyake vinapima kwa kubonyeza tu kama pale ndani kuna jani limezidi hewa haitapita. Paja litafanya hiyo kazi vipi? Inawezekana uvumi ulianzia kwa wanawake waliokuwa wanatoa mshipa wa katikati ya jani, wale walikuwa wanayalaza majani mapajani wakiyapanga, mgeni akapita akaona akaenda kusimulia kwao anavyotaka. Wakati stori ya kweli ya vile viwanda ni nzuri kuliko hiyo: toka mwaka 1865 kule Havana kulianza utaratibu wa kuwa na msomaji, mtu anakaa kwenye kiti cha juu anawasomea wafanyakazi magazeti asubuhi na riwaya mchana huku wao wanaviringisha, na mshahara wake wakawa wanamchangia wenyewe wafanyakazi. Watu waliokuwa hawajui kusoma wakawa wanajua habari za dunia nzima wakiwa wamekaa kwenye meza zao. Hiyo hamna anayeisimulia, wote wako kwenye mapaja.

Ya pili, rangi. "Nyeusi ndo kali, ya njano ni ya wanaoanza." Hapana. Weusi wa lile jani la nje, wanaloita maduro, unatokana na kuchachushwa muda mrefu zaidi kwenye joto, na mara nyingi jani likishapita huko linakuwa na utamu utamu. Ukali wa siga kwa sehemu kubwa uko ndani, na inategemea jani limechumwa wapi kwenye mmea. Majani ya juu kabisa yanapigwa jua sana yanakuwa mazito yana nikotini nyingi, wanayaita ligero. Ya katikati yana harufu, ya chini kazi yake ni kusaidia siga iwake vizuri. Kwa iyo unaweza kukuta siga ya rangi ya maziwa ya chai imejazwa ligero ikakukalisha chini, na nyeusi tii ikapita kama upepo. Mfano mzuri ni bonde la Connecticut kule Marekani, palepale pamoja wanalima jani jepesi chini ya vitambaa vya kuzuia jua, hilo linatoka rangi ya dhahabu, na wanalima jani pana la juani ambalo ndo linageuka nyeusi.

Ukubwa nao hivyohivyo. Siga nene haimaanishi kali. Unene wanaupima kwa sehemu za inchi iliyogawanywa mara 64, kwa iyo ukisikia mtu anasema hamsini maana yake ni kama milimita 20 kwa upana. Nene inawaka taratibu na moshi wake unafika mdomoni umepoa, nyembamba inawaka kwa joto na unakuwa unaonja jani la nje zaidi kuliko la ndani. Ila, na hapa nisieleweke vibaya, nene ina tumbaku nyingi na inachukua muda mrefu, na muda huo wote mwili wako unapokea. Hilo ntalirudia mbele.

Nawasilisha kwa leo, maswali karibuni.

Kobe wa Jioni

Uzi mtamu mkuu. Lakini hiyo ya rangi bado sijakubali, mi kuna nyeusi ilinipiga mpaka nikajilaza, jasho la baridi, nikahisi nataka kutapika. Ya njano haijawahi kunifanya hivyo.

Mzee wa Jani

Mkuu Kobe, ulikuwa umekula? Na ulikuwa unapiga pafu kila baada ya muda gani?

Nakuuliza kwa sababu mimi yangu ya kwanza ilikuwa ya rangi ya njano kabisa. Nilikuwa kwa rafiki yangu kibarazani, usiku, sijala toka mchana, akanipa nikaanza kuivuta kama sigara, pafu pafu pafu. Ilipofika katikati mikono ikawa baridi, mate yakaanza kujaa mdomoni, nikaangalia taa ya pale kibarazani naiona inakuja inarudi. Rafiki yangu akanichukua ile siga akaiweka kwenye kisahani, akanikalisha chini mgongo ukutani, akaniletea kitu kitamu ninywe. Nilikaa kama nusu saa sisemi neno. Hiyo ni nikotini mkuu, sumu yake kidogo imekuingia kwa haraka, na rangi ya jani la nje haihusiki. Na kumbuka pale sikumeza moshi hata kidogo. Wakati ule sikujiuliza nikotini yote ile ilipitia wapi kama mapafuni haikwenda. Nilikuja kujiuliza miaka mingi baadae.

Sauti ya Chini

Mi nataka kujua kuhusu majivu. Kuna jamaa yangu akivuta haruhusiwi mtu kumgusa, anashindana majivu yawe marefu yasidondoke, na lazima yawe meupe, yakiwa ya kijivu anasema kauziwa bati.

Mzee wa Jani

Majivu kukaa marefu yanakuonyesha kwamba ndani kuna majani marefu yaliyokunjwa, sio vipande vipande. Basi, hayakwambii zaidi ya hapo. Siga yenye majani marefu inaweza kuwa mbovu kabisa kwa ladha. Rangi ya majivu inatokana na madini ya udongo ilikolimwa ile tumbaku, magnesiamu hasa, udongo ukiwa nayo nyingi majivu yanakuwa meupe. Mwambie jamaa yako anasifia udongo.

Mtoto wa Bandari ya Kale

Sasa mkuu hapo kwenye Cuba utatuambia nini? Maana mi najua siga ni Cuba, zingine zote ni kuiga.

Mzee wa Jani

Cuba wana udongo mzuri sana upande wa magharibi wa kisiwa na wana historia, sibishi. Lakini "zingine zote ni kuiga" hapana mkuu.

Iko hivi. Baada ya mapinduzi ya 1959 serikali ilitaifisha viwanda vya siga, na zile familia zilizokuwa zinavimiliki na mabwana shamba wao wengi wakaondoka na ujuzi wao kichwani. Wakatua Jamhuri ya Dominika, Honduras, Nicaragua, sehemu kama Estelí saivi mji mzima unaishi kwa siga. Kwa iyo wale "wanaoiga" ni watu walewale na wajukuu zao, kilichobadilika ni udongo. Alafu kuna kitu watu wetu wengi hawajui na mimi kilinifurahisha sana siku nilipokijua: moja ya majani ya nje yanayoheshimiwa duniani linalimwa Afrika, Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na linaitwa kwa jina hilohilo, jani la Cameroon. Wanalichukua kutoka huku linaenda kuvishwa siga za Karibiani.

Sifa ya Cuba ilipandishwa sana na marufuku. Rais Kennedy alipoweka vikwazo vya biashara Februari 1962, msemaji wake Pierre Salinger alisimulia mwenyewe baadae kwamba usiku wa kuamkia kusaini alitumwa atafute siga nyingi za Cuba, asubuhi akaja na 1,200, rais ndo akatoa karatasi akasaini. Ukishapiga marufuku kitu kwenye soko kubwa namna ile, kila mtu anakitaka. Na kitu kikitakiwa namna ile, feki zinajaa. Ukiona boksi la "Cuba" lina mfuniko wa kioo ili uone siga ndani, hilo achana nalo, wenyewe hawatengenezi maboksi ya hivyo.

Kisahani Cha Bati

Kuhifadhi je? Mi naweka kwenye friji, kuna mtu kaniambia ndo zinakaa freshi.

Mzee wa Jani

Friji inakausha, toa leo. Na siga inashika harufu ya kila kilichomo mule. Inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 na joto lisizidi sana nyuzi 21, joto likipanda likaenda 25 huko mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa na asubuhi unakuta siga ina vitundu kama imetobolewa na sindano. Kugandisha ndo kunaua huyo mdudu, viwanda vinafanya hivyo, lakini kugandisha kwa makusudi na kuweka siga miezi kwenye friji ni vitu viwili.

Hapohapo niseme na ile vumbi nyeupe. Wauzaji wanakwambia ni mafuta ya jani yametoka nje, ni dalili ya siga iliyozeeka vizuri. Mara nyingi sana ni ukungu tu mkuu. Unyevu umezidi, ukungu umeota, na wewe unaambiwa ulipie zaidi kwa sababu umeota.

Mengine nipite haraka: kuilamba kabla ya kuwasha haina maana, kuiviringisha sikioni usikilize mlio inachana jani tu, kuichovya kwenye pombe kali unaharibu pombe na siga vyote, na pete usiitoe kabla hujawasha, ngoja joto lifike karibu gundi ilegee yenyewe.

Kobe wa Jioni

Hiyo ya kuchovya si alikuwa anafanya Churchill, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza? Na yule mzee alivuta siga kila siku ya maisha yake akafika miaka 90. Kuna yule mchekeshaji wa Marekani pia George Burns, siga mkononi mpaka miaka 100. Hapo ndo mi napata jibu la wale wanaosema siga inaua.

Mzee wa Jani

Ni kweli Churchill alifika 90 na Burns alifika 100. Sasa naomba na mimi nikutajie wawili.

Jenerali Ulysses Grant wa Marekani. Alishinda vita moja mwaka 1862, magazeti yakaandika alikuwa na siga mdomoni, wananchi kwa kumpenda wakamtumia siga maelfu kwa maelfu, mwenyewe akawa anavuta anagawa anavuta. Akaja kuwa rais. Mwaka 1885 akafa kwa saratani ya koo, siku za mwisho alikuwa anaandika kumbukumbu zake ili familia ipate kitu cha kula, kumeza maji tu ilikuwa mateso.

Sigmund Freud, daktari, msomi. Alikuwa anakaribia siga 20 kwa siku. Mwaka 1923 akakutwa na saratani mdomoni, wakamfanyia upasuaji zaidi ya mara 30 mpaka anafariki 1939, wakamtoa sehemu ya taya wakamuwekea ya bandia iliyokuwa inamuumiza akiongea na akila. Na aliendelea kuvuta. Mtu aliyeisomea akili ya binadamu kuliko wengi alishindwa kuacha, sasa tukisema siga haina uraibu tunamwambia nani? Na ile kauli ya kwamba siga wakati mwingine ni siga tu, wanaomsingizia Freud, hamna sehemu aliyoiandika.

Mkuu, aliyepona tunamuona amekaa kwenye picha anatabasamu. Ambaye hakupona hatuna picha yake.

Mtoto wa Bandari ya Kale

Dah, uzi umebadilika ghafla. Lakini mkuu tuwe wakweli, siga humezi moshi. Unauonja mdomoni unautoa. Mapafu yako salama. Huwezi kulinganisha na mtu wa sigara pakiti kwa siku. Alafu siga ni jani la asili, hamna kemikali, hamna karatasi.

Mzee wa Jani

Hii ndo sentensi iliyonifanya nifungue uzi. Yote ya juu, rangi sijui majivu sijui Cuba, mtu akiyakosea hasara yake ni hela. Hii hasara yake ni mdomo.

Nianze na "jani la asili". Tumbaku ya siga ikishakaushwa inarundikwa marundo makubwa, inapata joto lenyewe ndani kwa ndani, inachachuka, amonia inatoka unaisikia puani kama umeingia bandani. Kule kuchachuka ndo kunaipa ladha tunayoipenda, na kulekule kunaongeza kemikali zinazoitwa nitrosamini, ambazo ni kati ya visababishi vya saratani vibaya zaidi kwenye tumbaku. Hakuna aliyezitia. Zimejitengeneza zenyewe kwenye jani. Asili maana yake sio salama. Na karatasi ya sigara inapitisha hewa, jani la siga limebana, kwa iyo inaungua vibaya zaidi na hewa ya kaboni monoksidi inakuwa nyingi.

Sasa kumeza moshi. Moshi wa sigara nyingi una asili ya tindikali kidogo, nikotini yake haipiti vizuri mdomoni, ndo maana mvuta sigara lazima aushushe mapafuni asikie kitu. Moshi wa siga ni kinyume, una alkali, nikotini yake inapita moja kwa moja kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu na chini ya ulimi. Kwa iyo humezi kwa sababu huna haja ya kumeza. Unadhani umejizuia kumbe ushapata. Ndo lile jibu la usiku wa kibarazani.

Na kiasi. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu moja. Siga kubwa ina gramu 5 mpaka 20, kuna nyingine moja ni sawa na tumbaku ya pakiti nzima. Siga kubwa nyingi ndani zina nikotini miligramu 100 mpaka 200, wakati sigara moja ina kama miligramu 8 na mwili unapokea kama 1 au 2 tu. Mwaka 2000 kampuni saba kubwa za siga kule Marekani zilikubaliana na serikali kuweka onyo kwenye maboksi, na moja ya maonyo yale linasema siga inaweza kusababisha saratani ya mdomo na koo hata kama humezi moshi. Waliandika hivyohivyo, hata kama humezi. Mimi boksi la namna hiyo nimekaa nalo mezani, nimeweka funguo zangu juu ya yale maandishi.

Dada wa Meno

Kaka mleta uzi ngoja niongezee maana hii ndo kazi yangu, nasaidia kwenye kliniki ya meno.

Mvuta siga akifungua mdomo mara nyingi unajua kabla hajasema. Fizi zimerudi nyuma, meno yanaonekana marefu, kuna anayekuja jino linacheza ana miaka 40 na ushee anashangaa. Alafu watu wanasahau mate. Hata kama hujashusha moshi kwenye mapafu, mate yako yameoshwa na ule moshi saa nzima, na mate unayameza, yanapita kooni yanashuka kwenye umio. Ndo maana saratani ya umio ipo kwenye orodha ya siga, na ya zoloto pia. Mapafuni kuna anayedhani hajapeleka kitu, kumbe umekaa saa nzima kwenye wingu lako mwenyewe, unapumua.

Na wanaotoka kwenye sigara kuhamia siga ili "wapunguze" ndo wananiumiza zaidi. Wale wameshazoea kushusha mapafuni, wanafanya hivyohivyo na siga, bila hata kujijua.

Sauti ya Chini

Dada je wale wa siga mbili tatu kwa mwezi, nao?

Dada wa Meno

Hatari inapanda kadri unavyovuta, anayevuta kila siku hayuko sawa na wa mara moja moja, siwezi kukudanganya kaka. Lakini kiwango ambacho mtu anaweza kukwambia hiki ni salama, hakipo. Na hao wa mara mbili kwa mwezi wengi wao ukiwauliza vizuri walianza mara mbili kwa mwaka.

Mzee wa Jani

Dada asante. Mimi nilikuwa huyohuyo. Mara mbili kwa mwaka, baadae kila jumamosi, baadae kila jioni, na kila hatua nilikuwa na maelezo yake mazuri tu. Nikisafiri nikakosa siku mbili napata arosto, nakuwa mkali kwa watu, nasema ni uchovu wa safari.

Sasa niseme kilichonileta. Mwaka jana nilienda kuziba jino. Mama aliyenihudumia akaniambia nitoe ulimi, akaushika kwa kitambaa akauvuta pembeni, akanyamaza. Akavuta taa karibu. Akachukua kipamba akasugua sehemu chini ya ulimi upande wa kushoto, akaangalia kile kipamba, akasugua tena. Akaniuliza, "hiki umekiona?" Akanipa kioo. Palikuwa na doa jeupe, urefu kama wa punje ya mchele, kama mtu kapaka chokaa, halifutiki. Haliumi. Halikuwahi kuuma hata siku moja, ningelijuaje. Akaniuliza unavuta nini nikamjibu kwa haraka kabisa, siga tu, na simezi. Hakunijibu kitu, akaandika.

Wakakata kipande kidogo wakapeleka kupima. Zile siku za kusubiri majibu sitaki kuzielezea sana. Nilikuwa nalala naligusa kwa ncha ya ulimi kama vile naweza kulihisi limekua.

Majibu yakaja sio saratani. Lakini wakaniambia madoa ya namna ile yapo yanayogeuka, kwa iyo tumbaku basi kuanzia siku hiyo na narudi kila baada ya miezi mitatu waangalie. Nina miezi kumi na moja sasa. Doa limepungua, mara ya mwisho ilibidi mama yule atafute kidogo ndo akaliona.

Kobe wa Jioni

Pole sana mzee wangu. Nisamehe kwa ile ya Churchill.

Mzee wa Jani

Hamna cha kusamehe mkuu, hiyo ya Churchill nimeisema mimi mara nyingi kuliko wewe.

Kisahani Cha Bati

Mzee na zile ndogo ndogo zenye kichungi, zinaitwa siga lakini zinafanana na sigara? Hizo nazo zina hayo ya kumeza na kutomeza?

Mzee wa Jani

Hizo ni sigara zilizovaa koti la kahawia. Karatasi yake imetengenezwa kwa tumbaku iliyosagwa ikapigwa kama karatasi, basi ndo inaitwa siga. Ukubwa uleule, kichungi, na watu wanazimeza mpaka mapafuni. Na zenye ladha za matunda zinashusha ule ukali wa koo ambao ungemfanya mtoto akohoe akaitupa. Hizo nazichukia kuliko zote na nasema wazi.

Na kitu kimoja nilisahau, moshi kwa wengine. Sigara inaisha dakika chache, siga kubwa inawaka saa nzima na zaidi, muda wote ule iko kwenye kisahani inafuka. Chumba kile anayekaa na wewe anavuta na yeye. Mwanangu mdogo alikuwa anapenda kuja kukaa miguuni kwangu nikiwa navuta kwa sababu ndo muda pekee nilikuwa natulia. Nilikuwa nampepea moshi kwa mkono nadhani nimemkinga.

Mtoto wa Bandari ya Kale

Mkuu sina la kubisha. Nina siga moja hapa mezani nilikuwa nasoma uzi naisubiri jioni. Swali langu la mwisho, hukosi? Maana mi nikisoma ulivyoelezea yale majani na yule msomaji wa kiwandani naona kabisa unaipenda hii kitu.

Mzee wa Jani

Nakosa. Sitakuficha. Jioni saa kumi na mbili mkono unatafuta kitu cha kushika, miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naamka na kwenda kibarazani narudi sijui nilikuwa nafuata nini. Kilichonisaidia mimi ni kuongea na daktari mapema kuhusu arosto badala ya kujikaza peke yangu, na kuhamisha kile kiti. Kweli kabisa, nilihamisha kiti kikaenda upande mwingine wa nyumba. Lile boksi la mbao nililokuwa nahifadhia bado ninalo, nimeweka vyeti vya watoto, ukifungua bado linanukia mierezi na tumbaku. Na ujuzi wa wale watu naendelea kuuheshimu, mtu kukaa na jani na kisu akatoa kitu kilichonyooka vile ni ufundi. Ila siuvuti tena.

Mkuu na wewe kabla ya jioni fanya kitu kimoja. Chukua kioo, simama kwenye mwanga wa dirisha, nyanyua ulimi, angalia chini na pembeni, vuta shavu huku na huku. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, kidonda kilichokaa zaidi ya wiki mbili, uvimbe, ukikuta chochote nenda kaonyeshe.

Dada wa Meno

Na usikwangue kwa kucha kaka, angalia tu.

Mtoto wa Bandari ya Kale

Niko dirishani hapa. Kushoto sioni kitu. Kulia kuna kama mstari mweupe shavuni, usawa wa meno yanapokutana, sijui ndo wenyewe?

Dada wa Meno

Mstari mmoja mwembamba ulionyooka usawa wa meno watu wengi wanao, ni pale meno yanapobana shavu. Lakini kwa picha ya maneno siwezi kukuhakikishia kaka, na wewe unavuta. Wiki hii nenda sehemu yoyote wanayotibu meno, waambie nataka mniangalie mdomo mzima, useme na siga usifiche.

Mtoto wa Bandari ya Kale

Naenda alhamisi. Ntarudi hapa niseme.

Mzee wa Jani

Mi zamu yangu ni jumanne ya wiki inayofuata. Tunasubiriana hapahapa mkuu.